Uchawi katika vitabu vya watoto: maswali tunayoulizwa na wazazi wa Tanga

Chumba chetu cha kusomea kipo Ngamiani. Hufunguliwa alasiri, watoto wanapotoka madrasa, na Jumamosi kutwa. Wanaoingia ni watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wengi wao wa miaka 6 hadi 14, na vitabu vilivyomo vimetoka kila upande: vingine tumenunua, vingine tumeachiwa na wageni waliokuwa wakifungasha kurudi kwao, na vingine hata hatujui vilifikaje. Suala la uchawi huletwa mlangoni karibu kila muhula, na kila mara tulikuwa tukilijibu upya, tena kwa haraka, mzazi akiwa amesimama na mtoto akimvuta kanga. Tumeona ni bora majibu yaandikwe. Ni majibu ya wahudumu wa chumba; si fatwa, wala si waraka wa kanisa.

Je, si ushamba mzazi kuogopa kitabu cha hadithi?

Hapana, na mhudumu atakayemcheka mzazi kwa hofu hiyo atakuwa amekosa adabu na elimu kwa pamoja. Kwa Mwislamu, sihiri imetajwa katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuwa miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, nayo imewekwa mara tu baada ya shirki na kabla ya kuua nafsi. Kwa Mkristo, Kumbukumbu la Torati 18, mstari wa 10 hadi wa 12, inakataza kupiga ramli, kuloga na kuwaomba wafu, na Paulo katika Wagalatia 5 anauhesabu uchawi pamoja na ibada ya sanamu. Mzazi anayelishika neno hilo hana haja ya kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Kuna na jambo la pili, ambalo wageni waliotupa vitabu hawakulifikiria. Mtoto wa London anaposoma juu ya mchawi, anasoma juu ya kitu ambacho hakuna mtu mtaani kwake anayeshukiwa nacho. Mtoto wa Tanga anasoma juu ya jambo alilolisikia likinong'onwa msibani. Amepelekwa na shule yake kwenye Mapango ya Amboni, na pale ndani, karibu na popo, ameona vitu vilivyoachwa na watu waliokwenda kuomba mizimu. Pengine yeye mwenyewe alivalishwa hirizi alipokuwa mchanga. Kumwambia mzazi wa mtoto huyo kwamba hizi ni hadithi tu ni kumjibu mtu mwingine ambaye hayupo.

Je, kila kinachoitwa uchawi kitabuni ni uchawi tunaoujua sisi?

Hapa ndipo mabishano mengi yanapoanzia, na sehemu kubwa ya kosa ni ya tafsiri. Kiingereza kina neno moja, ambalo watoto wetu hulitamka "majiki", na neno hilo linabebeshwa mizigo ambayo sisi tunaigawa. Sisi tunao uchawi, ambao ni kudhuru kwa siri, tunao uganga, ambao baadhi ya watu huuona ni tiba na wengine huuona ni mlango wa nyuma wa ule wa kwanza, tunayo ramli, tuna mazingaombwe na kiinimacho, yaani ujanja wa mikono wa yule bwana anayetoa njiwa kofiani, tunayo miujiza ya Mitume na karama za mawalii, na tunavyo viroja, kwa mfano kitanda kinachoruka au sungura anayebishana na fisi, ambavyo havina uhusiano wowote na hayo yaliyotangulia.

Mtoto anarudi nyumbani, anaulizwa kitabu kinahusu nini, anajibu "uchawi" kwa sababu ndilo neno alilofundishwa darasani kuwa tafsiri ya "majiki". Mama anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Ukifungua kitabu chenyewe unakuta chungu kinachojipikia uji. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa mzazi ni kwamba amuulize mtoto afanyaye hayo ni nani, anamfanyia nani, na kwa nguvu ya nani. Majibu ya maswali hayo matatu yatamwonyesha kama yaliyomo ni viroja au ni sihiri.

Je, mtoto anaweza kujifunza uchawi kwa kusoma hadithi?

Tunatofautisha kitabu cha hadithi na kitabu cha kutendea. Wazazi wa Kikristo hutukumbusha Matendo ya Mitume 19:19, ambapo watu wa Efeso waliokuwa wakitumia mambo ya uganga walikusanya vitabu vyao na kuvichoma hadharani, na thamani yake ikahesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Ni kweli kabisa, lakini tuangalie waliovichoma. Walikuwa watendaji, na vile vilikuwa vitabu vya kazi yao. Havikuwa masimulizi ya kumlaza mtoto.

Vitabu vya namna ile vipo hata leo. Ni vile vijitabu vya nyota, vya kupiga ramli, vya kuandika talasimu na vya kumvuta mpenzi, ambavyo huuzwa barabarani pamoja na udi, na baadhi yake vimefungwa ndani ya jalada lenye maandishi ya Kiarabu ili vionekane vya dini. Hivyo hatuvipokei hata vikiletwa bure, na mtu aliyetuletea katoni nzima alirudi nayo. Kitabu cha hadithi, kwa upande wake, hakina dawa wala kipimo. Maneno yanayotamkwa humo yamebuniwa na mwandishi mezani kwake. Bado kinaweza kumfundisha mtoto kitu, nacho ni kutamani. Mtoto hatapata nguvu, lakini anaweza kuanza kuitaka. Hofu hiyo tunaiheshimu kuliko ile ya kwanza.

Mbona hata ndani ya maandiko wamo wachawi?

Wamo, na ndiyo sababu hatuwezi kuweka kanuni ya kuondoa kila kitabu kilicho na mchawi ndani yake. Musa alipambana na wachawi wa Firauni. Katika Kutoka 7 fimbo ya Haruni ilizimeza fimbo zao, na katika Surat Taha kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zinakwenda, kisha wachawi wenyewe wakaanguka kusujudu. Mfalme Sauli alimwendea usiku mwanamke wa Endori, mwenye kuwaita wafu, akiwa amejibadilisha mavazi, na kesho yake akafa vitani. Surat al-Baqara, aya ya 102, inamsafisha Nabii Suleiman na tuhuma ya ukafiri na kueleza kuwa mashetani ndio waliowafundisha watu uchawi. Na malaika wawili, Haruti na Maruti, kule Babeli hawakumfundisha mtu kabla ya kumwonya kuwa wao ni mtihani. Katika Surat an-Naml yumo Ifriti anayejitolea kuleta kiti cha enzi kabla Suleiman hajainuka mahali pake.

Mtoto wa madrasa anayajua haya kabla hajajua kusoma kitabu chochote cha Kiingereza. Anayajua yakiwa mahali pake: uchawi upo, una mwisho mbaya, na hauna nguvu mbele ya Mwenyezi Mungu. Tunapokipima kitabu tunatazama kama mahali hapo pamebaki palepale au pamegeuzwa.

Bibi zetu walitusimulia mazimwi na majini. Je, walikosea?

Sisi tunaona walikuwa mahodari kuliko wachapishaji wengi. Kabla ya neno la kwanza la hadithi, bibi aliita "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!", au alisema "Hadithi, hadithi!", nasi tukajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mtoto wa miaka minne alikuwa ameambiwa wazi, tena kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba kinachokuja ni uongo na kwamba ni mtamu. Zimwi lilimeza kijiji kizima, likapasuliwa tumbo, watu wakatoka wazima, nasi tukalala. Kitabu hakina mlango huo. Mtoto anakifungua popote, pengine katikati, akiwa peke yake. Tangu tulipolitambua hilo, hakuna hadithi ya ajabu inayosomwa kwa sauti chumbani kwetu bila ya kuitwa uongo kwanza, hata kama ni ya Kiingereza. Watoto huitika kwa kelele, na majirani wamekwisha lalamika.

Yapo mambo ya ajabu hata katika fasihi yetu iliyoandikwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapo jirani na mji wetu, na ambaye hakuna atakayemshuku kwa uchache wa dini, alichapisha *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Humo ndugu wawili waliomtendea khiyana ndugu yao wanageuzwa manyani na jini aitwaye Huria, na Adili analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku ilhali moyo wake unawahurumia. Mzazi mmoja aliwahi kutuuliza kwa nini tunakiacha hicho na kukizuia kingine. Jibu letu lilikuwa kwamba mle ndani hakuna mwanadamu anayeutafuta uwezo huo. Adhabu inawashukia wenye husuda, na aliyedhulumiwa haifurahii.

Na vitabu vya Harry Potter?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine, mara nyingi na mzazi ambaye hajakiona kitabu chenyewe bali amesikia mahubiri juu yake. Vitabu hivyo vya J. K. Rowling ni saba. Cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997 na cha saba mwaka 2007. Kuvilalamikia hakukuanzia kwetu. Nchini Marekani, Chama cha Maktaba cha nchi hiyo kiliviorodhesha kuwa vya kwanza kwa kupingwa katika muongo wa 2000 hadi 2009, na wapinzani wengi walikuwa wazazi Wakristo waliotoa hoja zile zile zinazotolewa hapa. Wakristo wengine walivitetea kwa sababu ya urafiki na kujitoa mhanga kulikomo. Kwa upande wa Waislamu, wapo wanaovikataza moja kwa moja na wapo wanaovihesabu kuwa ngano.

Sisi tunavyo viwili, vimechakaa, na tunaona vina tatizo la kweli ambalo watetezi wake hulipita haraka. Humo uchawi wenyewe si mwema wala si mwovu. Ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho na kukisomea shule, na ubaya unategemea anayekitumia. Mafundisho ya misikiti na makanisa yetu hayasemi hivyo, na mtoto mwenye akili ataiona tofauti hiyo mwenyewe. Kwa sababu hiyo vimewekwa rafu ya juu, huazimwa na walio na miaka 12 kwenda mbele, na mzazi lazima aweke saini. Hatukuviondoa. Wapo wazazi walioweka saini na wakavisoma pamoja na watoto wao, na mtoto aliyesoma kitabu akiwa na baba yake ubavuni amepata zaidi ya kitabu.

Wengine hutuuliza kuhusu masimulizi ya Narnia ya C. S. Lewis, yaliyotoka kati ya mwaka 1950 na 1956, wakidhani kuwa yana usalama kwa sababu mwandishi alikuwa Mwanglikana mwenye kuitetea imani yake. Humo mchawi mkuu ni adui na anashindwa, jambo linalowapendeza wengi. Lakini mzazi wa Kiislamu anapaswa kujua kwamba simba wa mle anauawa badala ya mkosaji kisha anafufuka, na kwamba mwandishi hakuliweka hilo kwa bahati mbaya. Dini ya mwandishi inamweleza mzazi mengi, ila haimwondolei kazi ya kusoma.

Mtoto aanze umri gani?

Chini ya miaka saba hatuwapi chochote chenye mchawi wa kutisha. Baada ya hapo inategemea mtoto. Wapo wa miaka minane wanaocheka na wapo wa kumi na mmoja wasioweza kwenda chooni peke yao.

Mwanangu amesoma kitabu na sasa halali. Nifanye nini?

Kirudisheni kitabu, hata kama hakijamalizika, hatutozi kitu. Kisha mwacheni mtoto aeleze anachokiogopa, kwa maneno yake, kabla hamjamweleza ninyi. Mara nyingi utakuta si yule wa kitabuni bali ni mti fulani, nyumba fulani, au maneno aliyoyasikia kwa wakubwa. Msomeeni Ayatul Kursiyyu na zile sura mbili za mwisho za Kurani, au Zaburi ya 121, kama mnavyofanya kila siku, bila ya kuifanya kuwa shughuli kubwa, kwani mtoto akiona watu wazima wamehamanika ataamini kuwa kweli kuna jambo. Tunawasihi msimpeleke kwa mganga. Kumtibu mtoto hofu ya uchawi kwa kumfikisha kwenye tunguri ni kumthibitishia kila alichokisoma.

Ni vitabu gani mmeviondoa kabisa?

Tumeondoa vitatu, na havikuwa vile ambavyo wazazi walitutaka tuviondoe. Tueleze ilivyokuwa.

Mwaka juzi mvulana wa miaka tisa alisoma kitabu cha Kiingereza chenye watoto wanaoamuru vitu kwa fimbo. Akaenda uani kwao Makorora, akakata kijiti cha mwarobaini, akakichonga ncha, akawa anawaelekezea kuku wa jirani huku akitamka maneno ya kujitungia. Siku ya tatu kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na usiku mmoja wakafa wanne. Kilikuwa kideri, mtaa mzima ulikuwa ukifukia kuku wiki ile, na mtu wa mifugo alikwisha lisema. Jirani hata hivyo alikuja kubisha hodi, na hakumuuliza mtoto. Aliuliza ni nani aliyemfundisha, na alipouliza alikuwa akimtazama bibi wa mtoto, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua mlangoni pale kwa zaidi ya miaka 40. Kwa majuma mawili vitumbua havikununuliwa. Mama wa mtoto akaja kwetu na kitabu amekizungushia gazeti, akakiweka mezani kwa vidole viwili.

Tulikipokea na tukamwomba radhi, kwa sababu kilikuwa kimeazimwa bila mtu mzima kuulizwa. Lakini yaliyompata bibi hayakutoka katika kitabu kile, kwani humo wachawi walikuwa watoto na hakuna bibi. Wazo la kumtazama bibi lilikuwa limekwisha kuwepo mtaani. Ndipo tulipopitia rafu zote upya, tukakuta vijitabu vitatu vya Kiswahili, vilivyochapwa humu humu nchini, ambavyo hakuna mzazi aliyewahi kuvilalamikia kwa kuwa mwisho wake "mchawi anashindwa na haki inatendeka". Katika vyote vitatu mchawi ni mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Katika kimoja wanakijiji wanamfukuza kwa mawe, na picha inawaonyesha wakishangilia.

Macho mekundu ni ya moshi wa kuni. Kwa sababu ya macho hayo, vikongwe wameuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Na katika nchi hii hii watu wenye ualbino waliwindwa kwa imani za aina moja, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga mwezi Januari mwaka 2009. Mtoto hawezi kujaribu nyumbani kitabu cha fimbo inayowaka. Kijitabu kile anaweza kukijaribu, kwani vitu vyote vinavyohitajika vipo: jirani yupo, na mawe yapo. Hatukuvichoma, tumevifungia kabatini, na mtu mzima akitaka kuviona ataonyeshwa.

Kitabu cha shuleni kina mambo hayo. Nimwambie nani?

Mwanzeni mwalimu wa somo, kwa utulivu, mkiwa na ukurasa mkononi. Vitabu vya kiada hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, hivyo mwalimu hana uwezo wa kukibadilisha, ila anao uwezo wa kukieleza. Kwa vitabu vya ziada, ulizeni kwanza shule yenyewe.

Je, naweza kudai kitabu kiondolewe ili asikisome mtoto yeyote?

Kudai mnaweza, na tutasikiliza, kwa sharti moja: aliyedai awe amekisoma hadi mwisho. Kwa mtoto wake mzazi ana neno la mwisho, na jina la mtoto tutaliandika katika daftari pamoja na aina ya vitabu asivyopaswa kupewa. Wahudumu wote hulifuata daftari hilo. Kwa watoto wa wengine hana neno hilo, kama ambavyo wengine hawana kwa wake.

Na mimi mzazi naweza kukiazima nikisome kwanza?

Tunaomba iwe hivyo. Kipo chumbani kitabu kimoja cha hadithi za ajabu ambacho baba mmoja, fundi seremala, alikiazima kwa wiki mbili na kukaa nacho miezi minne. Alipokirudisha kilikuwa kimechomekwa vipande vya karatasi, vilivyokatwa kutoka kwenye mfuko wa kufungia mikate ya ajemi, kila kimoja kikiwa na maneno yake kwa penseli ile bapa ya mafundi. Vipo 11. Viwili tu ndivyo vinavyohusu uchawi. Kimoja kinauliza kwa nini watoto wa kitabuni hawali pamoja na wazazi wao. Kingine, katika sura ya nne, kinasema: "Hapa amemdanganya mama yake na hakuna aliyemkemea." Tumeviacha humo humo, na kila anayekiazima kitabu hicho huazima na karatasi zake.